Mshale Ambao Mwalimu Hali Hakuuchora

Wanafunzi chuoni walimpa jina la Mwalimu Hali, na jina likamganda mpaka muuza magazeti wa pale kona akawa anamwita hivyo hivyo. Anafundisha hesabu za nasibu, zile za vitu vinavyoruka kutoka hali moja kwenda nyingine bila kumpa mtu taarifa. Anaingia darasani, hasalimii, anachora maduara ubaoni, anayaunganisha kwa mishale, na juu ya kila mshale anaandika namba ya kuonyesha wepesi wa kupita hapo. Kisha anageuka, chaki mpaka kwenye nyusi, anasema: "Kitu kikiwa ndani ya duara hili hakikumbuki kimetokea duara gani. Kinajua kilipo, basi." Maduara yanaweza kuwa mawili, au mia, au yasiwe na mwisho kabisa, mradi uweze kuyaita moja, mbili, tatu bila kuruka hata moja. Wanafunzi wakikutana naye varandani wanamwuliza, "Hali gani, Mwalimu Hali?" naye anajibu, "Ya pili, naelekea ya tatu." Wanacheka kila mara, maana wanajua nani anatunga mtihani.

Mimi sikusoma chuo. Mimi ni fundi cherehani, na haya yote niliyasikia mezani kwangu, mwaka baada ya mwaka, na ninayaeleza jinsi nilivyoyaelewa. Mtu akiona nimekosea aje anisahihishe, lakini aje na suruali ya kupunguza, sipendi watu wanaokuja mikono mitupu.

Tulijuana kwa suruali. Alileta mbili za kazini zipunguzwe kiuno. Nilipompima niliona si suruali zilizoongezeka, ni yeye aliyepungua. Alipokuja kuzichukua umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na cherehani yangu kubwa imelala. Nikamwambia akae kidogo, sasa hivi utarudi.

"Kwa nini sasa hivi?" akauliza.

"Si umekatika tangu asubuhi?"

"Hiyo si sababu."

Nilikuwa na mkasi mkononi, na wazo baya la kumchoma nao lilinijia. Mwenzangu hakuona kitu. Akavuta kigoda, akaanza. Mkasi wako huu, akasema, una kumbukumbu. Kila kitambaa ulichokata kimeuchosha kidogo, na kadiri unavyokata ndivyo siku ya kuunoa inavyokaribia. Lakini glasi ile pale kabatini haichakai kwa kunywewa maji. Itavunjika siku mtu atakapoigonga, na siku hiyo haisogei karibu eti kwa sababu glasi ni ya zamani. Wateja wako ni vivyo hivyo. Hawajuani, hawapangi. Ukikaa asubuhi nzima bila mteja, hakuna mteja wa mchana anayejua kwamba umekaa bure. Kungoja kwa namna hiyo hakuna kumbukumbu. Saa uliyokwisha kungoja haikusogezi mbele.

"Kwa hiyo umeme hautarudi?"

"Utarudi. Nasema tu haujui kwamba unaungoja."

Nilimpenda hapo hapo, kabla hasira hazijanitoka. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hivyo. Nilikuwa nimezoea wanaume wanaosema sasa hivi.

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kimelala kitandani. Mama yake alikuwa mlezi wa bweni la wasichana maisha yake yote ya kazi, mwanamke wa sauti kubwa, mpaka siku moja miguu ilipomkataa akiwa bafuni. Akili ilibaki kamili, na ulimi ndio usiseme. Alikuwa bado na filimbi yake ya bwenini, ameifunga kwa kamba shingoni, na akimtaka mwanawe haiti, anapuliza. Wasichana wa kazi walikuja wakaondoka, filimbi iliwashinda. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na sebule. Mlango wa chumba cha mama uling'olewa ili kiti cha magurudumu kipite, pakabaki pazia, kwa hiyo sebuleni hapakuwa na siri. Chumba cha pili kilikuwa cha mwanawe. Cha tatu kilikuwa cha binti yake mkubwa, kitanda kimetandikwa, shuka zinabadilishwa kama za hoteli, na hakuna aliyelala humo tangu binti alipohamia mji mwingine kufungua duka la vipuri vya magari.

Siku Mwalimu Hali alipomwambia mama yake kwamba anataka kunioa, mama hakusema mengi. "Mke ataingia humu mimi nikishatoka." Na kwa miguu ile alikuwa amebakiwa na namna moja tu ya kutoka.

Basi tukapanga. Dada mtu angerudi amwangalie mama, naye mwenzangu angetoka tuje tukae kwenye vyumba viwili nyuma ya duka langu. Dada alikubali kwenye simu, tena kwa furaha. "Mwaka mmoja hivi, mdogo wangu. Nikipata mtu mwaminifu wa kumwachia duka, nakuja." Nilishona mapazia ya vile vyumba viwili wiki ile ile. Mimi ni mwepesi wa kushona na mwepesi wa kuamini, na ni kimoja tu kati ya hivyo kilichowahi kunilisha.

Sasa nieleze jinsi mtu anavyofungwa bila kufuli. Alfajiri anamgeuza mama, anamwosha, anambadilisha, anampa chai. Anakimbia chuoni. Saa ya mapumziko, walimu wenzake wakila, yeye yuko njiani anarudi kumgeuza tena, maana mgonjwa wa kulala akikaa upande mmoja ngozi inachubuka. Anarudi darasani jasho linamtiririka, anachora maduara. Jioni vivyo hivyo. Chuo kikuu kimoja kilimwita akasome zaidi, gharama zote juu yao. Akawajibu kwamba mwaka ule ungekuwa mgumu, labda ujao. Wakamwita na ujao. Mara ya tatu hawakumwita. Hakulala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja. Kwangu alikuwa anapita jioni kidogo, anakaa kwenye kigoda, jicho kwenye saa ya ukutani. Na mimi Jumapili nilikwenda kwao, nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa nje, kwa sababu hapo ndipo nilipoambiwa nikae.

"Nani huyo?" mama anauliza nyuma ya pazia.

"Fundi, mama."

"Kaleta nguo?"

"Hapana, mama."

"Sasa kaja kufanya nini?"

Kila Jumapili. Ungedhani naye hana kumbukumbu, kumbe alikuwa nayo ya kuwatosha watu wa nyumba nzima.

Na dada? Dada alipiga simu kila mwisho wa mwezi. Amepata mtu wa dukani, mtu kamwibia spana. Amepata mwingine, huyo naye kaolewa. Kuna mzigo uko njiani, ukishafika tu, anakuja. "Mwaka huu, mdogo wangu. Mwaka huu." Nikasema nipande basi nikamfuate mwenyewe, tukaonane uso kwa uso. Mwenzangu akaniuliza nitajitambulisha kwa jina gani, na mimi si mke bado. Nikaona kweli, nikakaa. Asiyekuwapo na lake halipo, watu husema. Katika nyumba ile asiyekuwapo ndiye aliyekuwa na chumba, na sisi tuliokuwapo tulikaa mlangoni.

Msidhani nilikuwa mpole. "Ngojangoja huumiza matumbo," nilimwambia. Akasema tumbo lina kumbukumbu, kungoja hakuna. Siku nyingine nilimtolea macho nikamwambia, mwanaume, miaka mitano hii. Akachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, akachora juu ya karatasi ya kukatia. Duara moja, ndani yake akaandika "humu". Duara la pili, "nje". Na mshale mmoja kutoka humu kwenda nje, juu yake "dada".

"Kasi ya huu mshale ni mara moja kwa mwaka, kwa wastani," akasema. "Miaka mitano imepita, sikatai. Haihesabiwi. Kuanzia leo tunangoja mwaka mmoja, sawasawa na siku ya kwanza."

"Sawasawa na siku ya kwanza," nikarudia.

"Sawasawa kabisa."

Hamtaamini, lakini ilinituliza. Nililala usiku ule na nikaamka siku ya kwanza, na kesho yake nikaamka siku ya kwanza tena. Shangazi yangu alikuwa ameshaanza kuniangalia kama kitambaa kilichofifia kwenye rafu, na akiniuliza, nilimjibu kwa hesabu. Mtu mwingine angechoka, angepiga meza, angesema basi. Lakini kuchoka kunataka mtu ajumlishe, na sisi tulikuwa tumekatazana kujumlisha. Tulijifunga kwa namna ile na tukaona ni elimu. Nilimwona anazidi kupungua, suruali nikazipunguza mara ya pili, na bado nilisema, haya, labda mwaka huu.

Ikawa hivyo mpaka mwaka wa tisa, alipokosea mtihani.

Swali lilikuwa lile lile la kila mwaka. Fundi anangoja wateja. Wateja wanakuja kwa nasibu, kwa kasi fulani kwa saa. Fundi amekaa saa tatu bila mteja. Je, kwa wastani atangoja muda gani zaidi? Aliyesoma anajua zile saa tatu ni chambo. Unazipuuza, unaangalia kasi uliyopewa, unajibu, unapumzika. Mwaka ule, sijui alikuwa anachapa huku filimbi inalia, kasi alisahau kuiandika. Swali likatoka na fundi, na saa tatu, na kasi hakuna. Wanafunzi wakaja juu. Mkuu wa chuo akamwita ofisini, akamwambia alifute tu, alama azigawanye kwenye maswali mengine. Mwingine angelifuta akalala usingizi. Yeye alisema hafuti swali kabla hajajua kama lina jibu.

Jumamosi mchana nilimkuta sebuleni kwao, karatasi za mtihani zimetapakaa mezani na mpaka kwenye kiti changu. Nikazisogeza nikakaa. Nyuma ya pazia palikuwa kimya, nikadhani mama amelala.

"Lina jibu," akaniambia, hata salamu hakuna. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi.

"Haya, tuambie."

"Ukipewa kasi, kungoja hakukufundishi kitu. Hiyo ni kweli, sijawahi kudanganya mtu. Lakini huyu fundi hakupewa kasi. Hajui kama wateja wanakuja watano kwa saa au mmoja kwa mwezi. Kwa hiyo kila saa inayopita bila mtu inamwambia jambo. Inamwambia kasi ni ndogo kuliko alivyodhani. Saa inayofuata inamwambia zaidi. Yaani akishangoja sana, ndiyo ajue atangoja sana." Alishika kalamu, akaandika kitu kidogo pembeni mwa karatasi. "Na kama hajawahi kumwona hata mteja mmoja, kadirio linaloafiki alichokiona ni hili hapa."

Alikuwa ameandika sifuri, akaisoma kwa sauti.

Niliitazama. Mimi ni fundi, na swali lilikuwa la fundi.

"Ile kasi ya mara moja kwa mwaka," nikasema. "Ya dada yako. Uliitoa wapi?"

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Alinipa mwenyewe. Si alisema mwaka mmoja hivi?"

"Amewahi kuja?"

"Unajua hajawahi."

"Hata kusalimia tu?"

"Hata kusalimia."

"Basi iandike."

Hakuiandika. Machozi yalimtoka bila sauti, yakapita chini ya miwani, na mimi sikumhurumia. Hasira ya miaka tisa ilikuwa imenijia yote kwa mara moja, kila siku niliyoambiwa haihesabiwi ilikuwa imekuja kuhesabiwa. Nikaichukua ile kalamu mkononi mwake. Nikachora duara, humu. Nikachora la pili, nje. Nikauchora mshale wa dada, na juu yake nikaweka sifuri.

"Hali isiyo na njia ya kutoka mnaiitaje huko darasani?"

"Hali inayonasa," akasema. "Ukiingia hutoki."

"Lakini wewe utatoka humu siku moja. Mimi najua na wewe unajua. Kuna mshale wa pili, na miaka yote hii hujauchora."

"Usiseme."

Hakuwa ameusahau. Mtu anayekula kwa kuchora mishale hawezi kusahau mmoja kati ya miwili. Aliuacha kwa mapenzi, kwa adabu, kwa sababu mwana mwema hawezi kuandika kwa mkono wake kwamba njia yake ya kutoka ni jeneza la mama yake. Akaona afadhali amngoje dada. Na mshale ule wala haukuwa wa glasi, ulikuwa wa mkasi, kila mwaka ulizidi kukaribia. Haya yote niliyaona palepale, kalamu mkononi, na nikajiona na mimi nimo. Nikashusha sauti.

"Kama dada haji, basi kila siku tukisema tunangoja, anayengojwa ni..."

"Malizia, fundi," ikatoka sauti nyuma ya pazia. "Mshono hauachwi nusu."

Mwenzangu alifunika uso kwa karatasi ya mwanafunzi.

"Mnaningoja mimi," mama akasema. "Semeni tu. Na mimi sina haraka. Ingieni hapa, wote wawili."

Sikuwa nimewahi kulivuka pazia lile. Kichwani nilikuwa nimejijengea mwanamke mkubwa kama kabati. Nikamkuta mdogo, amezama kwenye mito, mikono miembamba juu ya blanketi, nywele zimesukwa vizuri kabisa, mistari imenyooka. Anayemsuka ni mwanawe, hakuna mwingine wa kumsuka, na miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Karibu na kitanda palikuwa na kiti ambacho mwanawe alikikalia, na beseni na taulo limekunjwa, na dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani. Hakuna kingine cha kutazama humo.

"Hiyo sifuri ni ya nani?" akamwuliza mwanawe.

"Ya mtihani, mama. Hesabu tu."

"Nimelea wasichana wa bweni maisha yangu yote, uje unidanganye wewe? Nimeuliza ni ya nani."

"Ya dada."

"Maana yake?"

Huyu ni mtu asiyeweza kuacha swali bila jibu, hata lile la kumponza. "Maana yake hatakuja, mama."

"Mwaka huu?"

"Hatakuja."

Mama akatazama dari. Nikasikia anavuta pumzi puani, kama mtu anayejizuia kupiga chafya. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe unadhani nilikukataa kwa roho mbaya."

"Ndiyo, mama," nikasema. Sikuona sababu ya kuremba.

"Una mkono mzuri. Nimeziona pindo za suruali zake, hakuna hata moja iliyofumuka. Sikuwa na neno na wewe." Akapumzika kidogo. "Lakini angeingia mke humu, binti yangu angesema, aa, mama kapata mtu. Nafasi ikishajazwa mwenyewe harudi. Nikasema niiache wazi. Aone aibu. Aone hakuna mwingine, aje."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu, sikujua yupi. Sisi wawili tulikuwa tunamngoja dada ili tuoane, na mama anatuzuia tusioane ili dada aje. Kila mmoja ameshika kamba anavuta kwa nguvu zake zote, kumbe kamba ni ile ile moja, na upande wa pili haikufungwa kwenye kitu chochote. Miaka tisa imekwenda hivyo. Ujana wangu umekwenda hivyo, na wa huyu bwana, na huyu mama naye alikuwa ameilipia nafasi ile kwa kumkausha mwanawe mbele ya macho yake.

"Mpigie," mama akamwambia.

"Nani?"

"Dada yako. Weka sauti ya nje, nisikie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie asije."

"Mama, jamani..."

"Mwambie asije, asihangaike tena. Mama ana mtu."

Alisema kwa sauti ya bwenini, sauti ya mtu anayezima taa. Lakini macho yalikuwa kwenye simu, na mimi niliyaona. Hakuwa anamfukuza binti yake. Alikuwa anampa nafasi ya kukataa. Nami, niliyemchukia mwanamke yule wa vipuri kuliko mtu yeyote duniani, nilijikuta namwombea moyoni: kataa, tafadhali, gombana naye, piga kelele, sema unakuja kesho, hata kama ni uongo sema.

Simu iliita kidogo tu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Vipi, mama kafanyaje?" Nyuma yake nyundo ilikuwa inagonga chuma.

"Mama hajambo. Anasema..." Akamtazama mama. "Anasema usije tena. Usihangaike. Amepata mtu wa kumwangalia."

Nyundo ikagonga, ikagonga. Mama alikuwa amejiinua kwa viwiko, shingo imemtoka, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aanguke. Mwanawe alinyoosha mkono kumtegemeza na yeye akausukuma, asimzibe masikio.

"Haya," dada akasema. "Sawa. Sawa, mdogo wangu." Sauti ilikuwa imepata wepesi ghafla, kama ya mtu aliyetua ndoo. "Basi msalimie sana. Kuna mteja hapa, nitakupigia."

Simu ikakatika. Mama alijishusha taratibu mpaka kichwa kikarudi kwenye mto. Alikaa hivyo, midomo inacheza bila neno, kama anairudia ile sauti kichwani kutafuta kitu ambacho hakukisikia vizuri.

"Hakuuliza ni mtu gani," akasema.

Mwanawe alibaki ameishika simu mkononi na hajui pa kuiweka. Nami nilikuwa nimesimama katikati ya chumba nilichonyimwa miaka yote ile, ruhusa imetoka, imetangazwa mpaka kwenye simu, na sikuwa na furaha hata chembe. Nililitazama beseni. Nililitazama lile dirisha na ukuta wa jirani. Niliziona alfajiri zangu zote zimepangwa pale. Viatu vyangu vilikuwa nje ya pazia, hatua chache tu, na hakuna mtu ambaye angenilaumu, hata shangazi yangu angenipongeza.

Mama akageuza uso. Safari hii sauti ya bweni haikuwapo. Aliniuliza kama nimekusudia kukaa, au na mimi nina mteja.

Mwanawe hakuniangalia. Nadhani aliogopa. Nikamwambia anipishe pale kwenye kiti. Hali ile nilikuwa najua inaitwaje, nilikuwa nimeichora kwa mkono wangu muda mfupi tu uliopita. Nikakaa.